Nani Aliwapikia Mafundi?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria na ustawi wa jamii, umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Asante, mwenyekiti. Umewaambia nitazungumzia nadharia ya ufeministi, yaani ya usawa wa wanawake na wanaume, na historia yake. Historia hiyo hawa wameisoma, wameifanyia mtihani, na wengine naona usoni wameshaisahau. Vipindi vya harakati za wanawake: wimbi la kwanza, la pili, la tatu. Sitawapigisha mbizi tena. Nataka kuzungumzia risiti. Walionisikia kwingine wanajua risiti lazima zije, wanivumilie.

Nendeni mahakama ya mwanzo siku ya shauri la talaka, ukifika mgawanyo wa mali. Mume anaingia na bahasha ya kaki. Ndani mna risiti za saruji, bati, nondo, mchanga. Amezitunza miaka yote, nyingine wino umefifia mpaka hakimu anaziinua kuelekea dirishani ndipo azisome. Zamu ya mke. "Mama, wewe ulichangia nini?" "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nyumbani tu." Kwisha. Kajifunga mwenyewe kwa hilo "tu".

Lakini mdodose. Maji ya kufyatulia matofali nani aliyasomba? Yeye, alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Mafundi walikula wapi? Kwake, chai asubuhi na ugali mchana. Lori la mchanga lilipofika, mume yuko kazini, nani alitoka kubishana na dereva aliyeleta pungufu? Yeye, na mtoto mgongoni. Sasa niambieni, ndoo ya maji inakatiwa risiti wapi?

Hii ndiyo kazi ya nadharia, na wala si ya kutisha kama majina yake. Inauliza: kazi hii inafanywa na nani, inamfaidi nani, na kwa nini haihesabiki? Fundi akila ugali kwa mama ntilie, mwenye nyumba anaandika gharama kwenye daftari. Akila ugali huohuo kwa mke wa mwenye nyumba, daftari linabaki jeupe. Unga ni uleule, mkaa ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mpishi ameolewa na mwenye daftari.

Najua mnachotaka kusema. "Mama, hayo ni mambo ya Wazungu." Haya. Bi Hawa Mohamed hakuwa Mzungu. Aliachika, akadai sehemu ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mahakama za chini zikamwambia yeye alikuwa mke wa nyumbani, hakuchuma kitu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na majaji wetu walikuwa wamegawanyika: wengine wanasema kazi za nyumbani ni juhudi, wengine wanasema hapana, huo ni wajibu wa mke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikamaliza ubishi: kutunza familia ni mchango katika kuchuma mali. Akaenda mbali zaidi, akaeleza kwamba sheria ile ilitungwa ili kuponya ugonjwa wa wake kunyonywa na kukandamizwa na waume zao. Someni hukumu yenyewe, msisome muhtasari wa kwenye simu. Ile ni nadharia ya ufeministi imevaa joho, na aliyeiandika ni mwanamume.

Sasa wengi huishia hapo, wanapiga makofi. Mwenyewe Bi Hawa alipata nini? Hakupata kitu! Mahakama ilisema mchango wake unatambulika, ila fedha alizokwishapewa na mumewe alizitapanya, kwa hiyo hana zaidi anachostahili. Wake wengine wakashinda, yeye akarudi mikono mitupu. Nawaambia hili ili msidhani kanuni nzuri inajilisha yenyewe. Hata leo Mahakama ya Rufani inasisitiza kwamba kiasi cha mchango lazima kithibitishwe kwa ushahidi. Ushahidi! Tumerudi kwenye bahasha ya kaki.

Kuna kijana pale anamnong'oneza mwenzake kwamba nataka mapenzi yalipiwe mshahara. Hapana, baba. Mapenzi yakiwepo hakuna anayetunza risiti. Ila kuna mtu alizitunza, sivyo? Mimi nashughulika na siku ile bahasha inapofunguliwa.

Na hao Wazungu wenyewe walifundishwa kwa nguvu. Iceland, Oktoba 24, 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake waligoma: ofisini hawakwenda, jikoni hawakuingia, watoto wakaachwa kwa baba zao. Nchi ikasimama siku moja. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya usawa. Sisemi mgome. Mawakili wa kesho, nasema mjifunze kuuliza. Ukimuuliza mteja wako "ulichangia nini", atakujibu "nilikuwa nyumbani tu". Muulize aliamka saa ngapi. Muulize mafundi walikuwa wangapi na walikula nini. Kisha mtafute fundi mmoja, mlete atoe ushahidi. Fundi hasahau nyumba aliyoshiba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi kuhusu mirathi, nayapitia mbio. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoandika mila za koo zinazofuata ubaba, linamweka binti daraja la tatu la urithi, yaani la mwisho, na mjane anaachwa atunzwe na watoto wake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya kule Mwanza alimtetea Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akaja juu. Mkadhani imekwisha? Mwaka 2005 wajane wawili wakaenda Mahakama Kuu. Ikakiri kwamba kanuni zile zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Wakafika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imewakosea. Umri wa kuolewa nao una hadithi yake, leo siugusi, nikianza tutalala hapa.

Maswali. Wewe mwenye shati la bluu, umetikisa kichwa tangu nilipotaja ugali. Simama, mpeni kipaza sauti.