Kusafisha filamu ya nyeusi na nyeupe nyumbani: tuanze na giza

Haya wadau, leo tunasafisha filamu ya nyeusi na nyeupe hapahapa nyumbani, na kabla sijagusa chupa yoyote niwaambie ukweli, dawa sio ngumu, kinachowatoa watu jasho ni kuivalisha filamu kwenye rili, kile kigurudumu cha kuizungushia filamu, tena gizani.

Kwahiyo tunaanzia hapo. Hii ndo rili, hili tanki, na hiki kibomba kinakaa katikati, msikisahau jamani, bila hiki mwanga unaingia hata mfuniko uukaze vipi. Tafuta filamu moja iliyoharibika uifanyie mazoezi. Ncha unaipitisha hapa kwenye mdomo wa rili, unavuta kidogo, alafu unazungusha upande mmoja mbele nyuma mbele nyuma, mnaona inajivuta yenyewe. Fanya macho wazi, alafu fumba macho, alafu zima taa kabisa. Hata mara kumi. Inachosha, najua.

Rili iwe kavu kabisa. Mimi filamu yangu ya kwanza niliivalisha kwenye rili niliyotoka kuisuuza, ikakwama katikati, nikakaa gizani karibu nusu saa navuta nasukuma jasho linanitoka, na jasho nalo si ni maji, ndo nazidi kuharibu. Ilipotoka ina alama za mikunjo kama mwezi mwandamo, picha nane zimekwenda.

Na ile taa nyekundu ya kwenye muvi, sahauni. Ile ni ya karatasi za kuchapia, filamu kama hii HP5 nyekundu inaiona vizuri tu, ukiwasha umeiunguza. Giza totoro, au huu mfuko wa giza wa kuingiza mikono. Ukishafunga tanki washa taa, uwe na amani.

Sasa dawa. Natumia D-76, hii ndo divelopa, dawa ya kuitoa picha kwenye filamu, nusu dawa nusu maji, tanki hili kwa filamu moja linataka kama mililita 300, basi 150 kwa 150. Joto nyuzi 20, pima na kipimajoto, usipime na kidole, maana dawa ikiwa ya moto inakimbia na muda wote unakuwa wa uongo. Kwa HP5 iliyopigwa kamera ikiwa kwenye ISO 400 ni dakika 11. Filamu nyingine ina muda wake, angalia jedwali la mtengenezaji usibahatishe.

Mimina, anza saa, pindua tanki mara nne taratibu, ligonge mezani hivi, koh koh, mapovu yatoke, yakiganda kwenye filamu yanaacha vidoa. Baada ya hapo kila dakika pindua mara nne, basi, usilitikise kama unachanganya rangi. Zikibaki sekunde kumi anza kumwaga. Hiyo dawa ukishaichanganya na maji ni ya mara moja, hairudi kwenye chupa.

Weka stopu, dawa ya kuisimamisha divelopa, nusu dakika, kama huna suuza na maji mara mbili tatu. Alafu fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, hii nimechanganya dawa 1 kwa maji 4, dakika 5, nayo unapindua pindua. Fiksa inarudi kwenye chupa yake, na andikeni majina kwenye chupa kwa kalamu nene, ukitanguliza fiksa kabla ya divelopa picha zote zimefutika na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Baada ya fiksa unaweza kufungua. Kuosha: jaza maji pindua mara 5 mwaga, jaza pindua 10 mwaga, jaza pindua 20 mwaga. Mwisho maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo, tone moja tu, ili maji yateleze yasiache madoa.

Ning'iniza bafuni, kibanio kizito chini isijikunje, toka na ufunge mlango vumbi lisipande.

Na kama imetoka tupu usilie kwanza, angalia ile namba ya pembeni. Namba zipo ila picha hakuna, dawa ilifanya kazi, tatizo ni kamera, huenda filamu haikuvuta. Namba nazo hakuna, filamu nzima kama kioo, basi ni dawa yako, ama imekufa ama ulikosea chupa. Nionyesheni yenu imetokaje.