Busua, Ghana: Kupumzika kwenye bahari isiyo na mwamba

ZAINABU: Karibu msikilizaji. Leo tunavuka bara zima mpaka Atlantiki: Ghana, Mkoa wa Magharibi, kijiji kinaitwa Busua. Mimi ni Zainabu, niko na Makame. Makame, tuanze na maji yenyewe. Watu wanaona picha za mchanga na minazi wanasema, ah, hii si Jambiani ya Zanzibar tu?

MAKAME: Hapo ndipo wanapoponzwa. Huku kwetu sehemu kubwa ya pwani ina mwamba wa matumbawe mbele yake. Wimbi linavunjikia kule nje, likikufikia limeshachoka. Ghana hakuna mwamba wa namna hiyo. Mawimbi yanatokana na dhoruba za kusini ya mbali ya Atlantiki, yanasafiri siku kadhaa, halafu yanakuja kuvunjika miguuni pako.

ZAINABU: Na maji hayatoki.

MAKAME: Hayatoki kama unavyodhani. Zanzibar, bamvua likikaza, yaani zile siku za maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita nne. Takoradi, ambao ndio mji mkubwa wa karibu na Busua, ni kama mita moja na nusu. Kwa hiyo usitegemee kutembea kilomita nzima juu ya mchanga mtupu. Kilindi kiko jirani saa zote.

ZAINABU: Basi mtu anayetaka kupumzika, si kupigana na bahari, achague ufuko kwa kutazama ramani kabla ya picha. Ufuko ulionyooka kama rula, hata uwe mzuri vipi, ni wa kutembea na kulala kivulini. Wa kuogelea ni ule ulio ndani ya ghuba, una rasi upande huu na upande ule. Ndiyo maana tumeichagua Busua. Pana ghuba, pana kisiwa kidogo mbele, Abokwa, na mchanga unashuka taratibu.

MAKAME: Hilo la mteremko lisipite hivi hivi. Ufuko wenye mteremko mkali, wimbi linaanguka kwa kishindo pale pale ukingoni. Mtu amesimama maji ya magoti, anabebwa, anapigwa kichwa mchangani. Shingo huvunjika hivyo, na maji hata kiunoni hayajafika.

ZAINABU: Sasa mkondo, ule unaomvuta muogaji kwenda kilindini. Nieleze mtu aliyesimama ufukoni anautambuaje.

MAKAME: Panda mahali pa juu kidogo, tulia dakika kumi, usiingie. Tafuta kijia ambacho mawimbi hayavunjiki, rangi yake imeiva kuliko pembeni, na povu au mchanga unaelea kwenda kilindini. Mgeni akikiona anafurahi: pale pametulia, tuogee pale! Kumbe maji yote yaliyosukumwa ufukoni yanatafuta njia ya kurudi, na njia ndiyo ile.

ZAINABU: Akishachukuliwa?

MAKAME: Asishindane nao. Hata muogeleaji hodari atachoka kabla ya mkondo kuchoka. Aelee chali, avute pumzi, anyooshe mkono juu kuomba msaada. Akiwa na nguvu, aogelee kwa ubavu, sambamba na ufuko, mpaka atoke kwenye kile kijia, kisha arudi pale mawimbi yanapovunjika, kwa sababu wimbi linalovunjika linasukuma kuelekea nchi kavu. Na fukwe nyingi kule hazina waokoaji. Busua wapo walimu wa kuteleza mawimbini, wanaijua ghuba kwa siku na kwa saa. Waulize kila asubuhi, maana mchanga wa chini unahama na mkondo unahama nao. Na ukishaonja bia, bahari muachie mwenyewe.

ZAINABU: Umewataja walimu wa ubao. Mtu aliyekuja kupumzika ana haja nao?

MAKAME: Somo moja halimchoshi mtu, na Busua ni mahali pazuri pa kuanzia. Novemba hadi Machi mawimbi ni madogo, yanamfaa mwanafunzi. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba yanakua. Omba ubao laini, wa futi nane au tisa. Mfupi unapendeza kuubeba, lakini haukai chini ya mtu asiyejua. Kamba yake inafungwa kwenye mguu wa nyuma. Mwalimu atakulaza kwanza mchangani: viganja chini ya kifua, unainuka kwa mkupuo mmoja, hupigi magoti.

ZAINABU: Wanaojifunza hukosea wapi?

MAKAME: Pawili. Kwanza wakitembea majini wanaweka ubao kati yao na wimbi, wimbi likija ubao unamrudia mtu mbavuni au usoni. Ubao ukae ubavuni, pua yake imelielekea wimbi. Pili wanalala mbele mno, pua inazama, wanapinduka. Wakirudi nyuma mno nao, wimbi linawapita. Na vaa fulana ya kubana, la sivyo jioni kifua na tumbo vimechubuka na chumvi inawasha.

ZAINABU: Majira. Nitayasema upesi. Kusini mwa Ghana mvua kubwa ni Aprili mpaka Julai, Juni ndiyo inakolea, na mvua ndogo Septemba mpaka Novemba. Lakini kusini magharibi, upande wa Axim, ndiko kunakonyesha kuliko kote nchini, kama milimita elfu mbili kwa mwaka. Accra haifikii hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "Accra hakuna mvua", usifungashe kwa kutegemea hilo. Desemba mpaka Februari ni kukavu, ila kuna hamatani, upepo wa vumbi kutoka Sahara. Pwani unafika umepungua nguvu, lakini anga linakuwa la kijivu na midomo inapasuka.

MAKAME: Na Agosti?

ZAINABU: Agosti inawashangaza watu. Mvua imepungua, lakini bahari ni ya baridi, maji ya chini yanapanda juu. Wavuvi ndio wanafurahi, maana maji hayo ndiyo yanayoleta samaki wengi. Wewe unayetaka kukaa majini saa nzima, chagua Desemba hadi Machi.

MAKAME: Kuna mambo mawili ambayo hutayaona kwenye matangazo. La kwanza, mwani. Tangu 2011 Atlantiki imekuwa ikirusha mwani wa kahawia, sargasamu, kwenye fukwe za Afrika Magharibi. Ukija kwa wingi unarundikana hadi magotini, ukioza unanuka kama mayai viza, na nyavu za wavuvi zinajaa. Hauna ratiba. Kabla ya kulipia vyumba, mpigie mwenyeji umwambie akutumie picha ya ufuko ya leo. Ya leo, siyo ya tangazo.

ZAINABU: La pili ni mito. Hili watu wanalisahau kabisa. Mto Pra unaingia baharini Shama, mashariki ya Takoradi. Ankobra unaingia karibu na Axim. Juu huko kuna uchimbaji wa dhahabu usio na leseni, wenyewe wanauita galamsey. Udongo unaoshwa mtoni na zebaki inatumika, kwa hiyo mto unafika baharini na rangi ya chai ya maziwa. Fukwe za jirani na midomo hiyo ni nzuri kwa macho, kuoga hapana.

MAKAME: Tufike sasa. Nairobi kwenda Accra kuna ndege ya moja kwa moja, saa tano na nusu mpaka sita angani. Wengine wanapitia Addis Ababa. Saa ya Ghana iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukifika, usijaribu kuunganisha siku hiyohiyo kama umetua mchana. Accra mpaka Takoradi ni kama kilomita 220, na ramani inaweza kukuahidi saa nne, lakini ramani haijui foleni ya Kasoa, mji ulio njiani ukishatoka Accra.

ZAINABU: Ondoka alfajiri. Kuna mabasi makubwa ya kukata tiketi, yana kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe hakina huruma, beba mtandio. Ukitaka daladala, wao wanaziita trotro, za kwenda magharibi utazipata stesheni ya Kaneshie. Inaondoka ikijaa. Takoradi unabadilisha, unapanda ya Agona Nkwanta, halafu teksi ya kuchangia mpaka Busua, ni kilomita kumi na kitu tu. Mwambie dereva wazi kama unachangia au unakodi gari zima, kabla hujafunga mlango. Usiposema, huenda ukahesabiwa umekodi.

MAKAME: Pesa toa Takoradi, au Agona Nkwanta ukishindwa. Kijijini tegemea noti ndogondogo za sedi. Malipo ya simu yameenea sana, ila hayo ni ya mitandao ya kwao. Nunua laini uwanja wa ndege au mjini, usajili kwa pasipoti, uombe wakufungulie na akaunti ya pesa palepale. Dukani kijijini hutapata msaada huo.

ZAINABU: Chakula, Makame, na usikimbilie wali wa jollof, huo kila mtu anaujua.

MAKAME: Basi kenkey. Mla ugali ataona kama ndugu, akionja atashtuka, maana ni chachu. Mahindi yanalowekwa, yanasagwa, kinyunga kinachachuliwa siku kadhaa, nusu yake inapikwa kwanza, inachanganywa na ile mbichi, inafungwa, inachemshwa. Ya Wafante, watu wa pwani ya kati, inafungwa kwa majani ya mgomba, ya Waga, watu wa Accra, kwa maganda ya hindi. Inaliwa na samaki wa kukaanga, pilipili mbichi iliyopondwa na nyanya na kitunguu, pamoja na shito, ile nyeusi ya pilipili, mafuta na dagaa. Shito onja kwa ncha ya kidole kwanza. Banku ni jamaa yake, laini zaidi, unga wa mahindi na muhogo.

ZAINABU: Na kamba kochi?

MAKAME: Wapo, wanavuliwa hapohapo na jirani Dixcove. Agiza asubuhi kwa ajili ya usiku. Kijijini hakuna jokofu lililojaa samaki likikusubiri, mtu anakwenda kukutafutia kwenye mashua. Uliza bei kabla, na uliza kama ni kwa uzito au kwa mmoja. Sehemu nyingi za pwani ya Ghana Jumanne hakuna kwenda baharini, ni mwiko wa jadi. Siku hiyo samaki ni wa jana, na wavuvi wako ufukoni wanashona nyavu. Uliza mwiko wa kijiji ulichopo, maana siku zinatofautiana.

ZAINABU: Nami niongeze adabu ya ufukoni. Pale mashua zinapopandishwa ni sehemu ya kazi. Usitandike taulo juu ya kamba ya nyavu, na usipige picha ya mtu bila kumuomba. Salamu kwanza, mkono wa kulia, kama kwetu. Na tuseme ukweli: mchanga ulio mbele ya nyumba za wavuvi, vijiji vingi, ndio choo. Tembea peku mbali na hapo. Agosti na Septemba kuna sikukuu ya Waahanta na Wanzema, wenyeji wa pwani hii, inaitwa Kundum, na kabla yake kuna majuma ya kutopiga ngoma. Ukiwa na spika yako ya muziki, uliza.

MAKAME: Akichoka kulala?

ZAINABU: Aende Butre kwa miguu, upande wa mashariki, juu ya kilima, ni saa moja hivi kwa mwendo wa pole. Aende na mwenyeji, njia ni za upweke. Juu kuna ngome ya Waholanzi, Batenstein, ya 1656, na ukitazama chini unaona mto unavyojikunja kabla ya kumwagikia baharini. Dixcove ina ngome ya Waingereza, Metal Cross, ujenzi ulianza miaka ya 1690. Kwa watu wanaotoka Bagamoyo au Kilwa, ngome hizi si mapambo, watu waliuzwa humo. Mtu anayekuambia amepita kupiga picha tu, mimi simwelewi.

MAKAME: Mimi ningempeleka Rasi ya Three Points, ncha ya kusini kabisa ya Ghana. Pana mnara wa taa wa 1925. Barabara ni ya udongo na wakati wa mvua inamshinda hata mwenye gari lililoinuka juu. Lakini Desemba, kwa jinsi nchi inavyochongoka pale, jua linachomoza baharini na linazama baharini. Na kasa wanapanda kutaga, Agosti mpaka Machi. Usimulike tochi nyeupe, kasa anageuka na kurudi bila kutaga.

ZAINABU: Kwa asiye na siku za kutosha kufika magharibi?

MAKAME: Labadi, mjini Accra, ni ya muziki na kelele za wikiendi, siyo ya kupumzika, na maji ya pwani ya jiji yana uchafu. Ada Foah, Mto Volta unapoingia baharini, panatulia kweli. Ila usipande juu ya mto kuoga kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Baada ya bwawa la Akosombo kujazwa, miaka ya 1960, kichocho kilienea sana bonde la chini la Volta.

ZAINABU: Karatasi. Kadi ya homa ya manjano utaulizwa ukiingia Ghana, na utaulizwa tena ukirudi nyumbani, kwa sababu umetoka nchi yenye ugonjwa. Chanjo ipigwe siku kumi kabla, la sivyo kadi haijaanza kufanya kazi. Viza uliza ubalozini, masharti kwa Waafrika yamekuwa yakibadilika. Malaria ipo mwaka mzima, na mtu wa Nairobi au Arusha asijidanganye kwamba ana kinga ya kuzaliwa. Amuone daktari, apate dawa ya kujikinga, na akifika akague chandarua kama kina matundu kabla hajapokea ufunguo.

MAKAME: Plagi je?

ZAINABU: Ile ile yetu ya miguu mitatu bapa, na volti 230, hakuna haja ya kununua adapta. Beba waya wa kurefusha tu, vyumba vingi vya ufukoni vina soketi moja, nayo iko nyuma ya kitanda. Na betri ya akiba ya simu. Umeme ukikatika, wenyewe wana neno lake, dumsor, utalisikia kabla hujauliza.