Kumtambua Mjitoleaji Kabla ya Kumpa Cheti

Ndugu viongozi wa matawi, waratibu na wageni waalikwa,

Kila ifikapo tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya wanaojitolea, asasi zetu huandaa hafla, hugawa fulana na kupiga picha ya pamoja. Hafla hizo ni njema, lakini mjitoleaji hutambuliwa, au hupuuzwa, katika siku nyingine zote za mwaka.

Niliwahi kuratibu wajitoleaji katika asasi moja wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Mama mmoja alipita nyumba kwa nyumba akiwaelekeza watu kutibu maji ya kunywa, huku nauli ya daladala akiitoa kwenye mtaji wake wa maandazi. Mwisho wa mwaka tulimwita mbele, tukampigia makofi, tukamkabidhi cheti ambacho jina la baba yake lilikuwa limekosewa. Alikisoma, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye pochi. Hakulalamika, ila hakurudi tena. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi, na jina lake alikuwa ameliandika humo kwa mkono wake mwenyewe.

Kujitolea ni mojawapo ya kanuni 7 za msingi za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, zilizotangazwa Vienna mwaka 1965, na maana yake ni huduma isiyosukumwa na tamaa ya faida. Wapo wanaoielewa kana kwamba inamtaka mjitoleaji aigharamie asasi. Kumrudishia mtu nauli yake si kumlipa mshahara. Kenya nayo, baada ya miaka mingi ya kuwategemea wahudumu wa afya ya jamii waliojitolea, mwaka 2023 iliwakabidhi wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na kuwawekea posho ya kila mwezi.

Shukrani nayo itaje kazi yenyewe. “Asanteni kwa kujituma” humwambia kila mtu neno lilelile. Lakini mratibu anayemwambia kijana kwamba orodha yake ya kaya ndiyo iliyotuonyesha kisima cha kufungwa, kisha akamwandikia barua ya ushuhuda wa kazi atakayoiambatisha anapoomba ajira, huyo amemwona.

Kwa hiyo, kabla vyeti vya Desemba hii havijapelekwa kuchapwa, ninaomba kila mratibu amwonyeshe kila mjitoleaji jina lake lilivyoandikwa.