Mkali wa muda wote ni nani? Mi namtaja, mtanipinga baadaye

Asanteni, asanteni, kaeni tu jamani, hata kwenye nyasi sawa, najua mmetoka kukimbia kilomita kumi na miguu inawaka moto, mi mwenyewe nimekimbia tatu, zilizobaki nimetembea, kwa hiyo msinihesabie. Mwenyekiti wenu kaniambia niongee nusu saa kuhusu mwanariadha bora wa muda wote, alafu akanivuta pembeni akasema mwalimu, tafadhali usiguse mpira, hapa Simba na Yanga wakianza hatutoki mpaka magharibi. Nimemwelewa. Mpira pembeni, ngumi pembeni, Messi na Muhammad Ali wana vijiwe vyao. Leo ni riadha, na kwenye riadha nabaki mbio za kati na ndefu maana ndio ninazozijua na ndio nyumbani kwetu ukanda huu. Yule kijana wa fulana ya njano anatikisa kichwa, anamtaka Bolt wa mbio fupi, tulia mwanangu zamu yako inakuja.

Sasa pale kwenye meza ya maji nilikuwa napita naulizia mmoja mmoja, we unamtaja nani. Wengi Kipchoge, yule Mkenya wa marathoni. Wawili Bolt. Mmoja Bekele wa Ethiopia, huyo nimempa mkono. Mzee mmoja akasema Bayi, na dada mmoja akasema Simbu, nikacheka kwa furaha, maana mwezi wa tisa 2025 kule Tokyo sote tuliruka, marathoni nzima inaamuliwa kwa picha pale mstarini, yeye na Mjerumani Petros muda mmoja, 2:09:48, na dhahabu inakuja Tanzania kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia. Haya majina yashikeni, kuna kitu nitawauliza kuhusu hayo majina baadaye.

Tuanze na Kipchoge maana ndio mwenye kura nyingi. Oktoba 12, 2019, Jumamosi, Vienna. Mi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, kinyozi kasimama na mashine mkononi inanguruma hanyoi, wote macho kwenye simu ndogo iliyoegeshwa kwenye kioo. 1:59:40. Binadamu kakimbia kilomita 42 na kitu chini ya masaa mawili. Nilipiga kelele na kichwa changu nusu nusu hivyo hivyo. Lakini ile haikuingia kwenye vitabu vya rekodi, na ilistahili isiingie, maana alikuwa na watu 41 wa kumwekea kasi wanapokezana, wanamkinga upepo, na gari mbele linapiga taa barabarani kumwonyesha pa kukanyaga. Rekodi yake halali ni ile ya Berlin 2022, 2:01:09, na mwaka mmoja tu baadaye Kelvin Kiptum akaishusha kule Chicago, 2:00:35, kijana mdogo kabisa, na Februari 2024 ajali ya gari ikamchukua yeye na kocha wake. Mi hadi leo nikilikumbuka hilo naishiwa maneno.

Sasa angalieni shida ilipo. Ukisema bora ni mwenye muda mzuri basi kila baada ya miaka michache unambadilisha bora wako kama laini ya simu. Abebe Bikila, Roma 1960, peku, hana kiatu, 2:15:16, dunia nzima ikashangaa. Siku moja baada ya Vienna, Brigid Kosgei akakimbia 2:14:04 Chicago. Mwanamke kampita Bikila kwa zaidi ya dakika moja. Tuseme Bikila si lolote? Hapana bana. Kosgei alikuwa na kiatu chenye bamba la kaboni ndani, na lami nzuri, na kinywaji chake kinamsubiri njiani chupa yenye jina lake. Bikila alikuwa na nyayo. Kwa hiyo saa inakuambia mtu alikimbia kasi gani siku ile, inaishia hapo, haiwezi kukukutanisha watu wawili waliopishana miaka sitini.

Na medali je? Medali nazo zina mambo yake, nitawaambia.

Mi kipimo changu nilikipata kwa kuumia. Nilikuwa na miaka 17, mashindano ya sekondari ya wilaya, mita 1500, kiwanja cha vumbi, mistari imechorwa kwa chokaa na chokaa ilipoisha wakamalizia na majivu ya jikoni. Shuleni tulikuwa tumejazwa hadithi ya Filbert Bayi, kwamba Christchurch 1974 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola bunduki ilipolia tu aliondoka akaenda zake, mita 400 za kwanza chini ya sekunde 55, wenzake wako nyuma huko wanasema huyu atakufa tu. Hakufa. John Walker wa New Zealand, nyumbani kwao, uwanja mzima unapiga kelele, akaja anamfukuza mpaka mwisho na hakumpata. 3:32.16, rekodi ya dunia, na huyo Walker aliyemaliza wa pili naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani, fikiria unavunja rekodi ya dunia alafu unapewa medali ya fedha. Ule muda ulikaa kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka 2022. Miaka 48!

Basi na mimi nikasema leo ndio leo. Bunduki hatukuwa nayo, mwalimu aligonga mbao mbili, nikaondoka kama Bayi. Raundi ya kwanza niko peke yangu, ya pili niko peke yangu, nasikia wasichana wa shule ya jirani wanashangilia nikaongeza tena mjinga mimi. Ya tatu nikakata moto. Sio kuchoka, kukata moto, magoti yanakataa, mate mazito kama uji, wananipita mmoja mmoja na mmoja akanipiga bega kwa huruma. Nilikuwa wa tisa kati ya kumi na mmoja.

Hapo ndio nilielewa alichofanya Bayi. Kukaa mbele ni kujitangaza. Unawaambia wote mpango wangu ndio huu, uoneni, nizuieni. Kwa hiyo mi nampima mtu hivi: wapinzani walijua atafanya nini, wakajiandaa, na bado wakashindwa? Mara ngapi, na kwa miaka mingapi?

Kwa kipimo hicho Bayi yuko juu sana, ila kuna pengo. Montreal 1976 hakukimbia. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Afrika ikasema New Zealand ikishiriki Olimpiki sisi hatuji, na hatukwenda, na Tanzania ilikuwa mbele kwenye msimamo ule. Mi siupingi hata leo. Lakini Walker alichukua dhahabu kwa 3:39.17, zaidi ya sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Najua, najua, fainali za Olimpiki zinakwenda polepole, ila Bayi hakuwa mtu wa kukubali polepole. Akaja kupata fedha Moscow 1980, kuruka viunzi na maji mita 3000, na Suleiman Nyambui fedha mita 5000, basi.

Alafu kuna Henry Rono, wangapi mnamjua? Mikono... wanne. Jamani. 1978, ndani ya siku 81, rekodi nne za dunia, mita 3000, 5000, 10,000 na viunzi na maji. Nne! Leo mtu akipata moja tunamtengenezea sanamu. Na Olimpiki hakukimbia hata moja, 1976 Kenya ilisusia, 1980 Kenya ikasusia tena. Sasa we unayehesabu medali, Rono kwenye daftari lako ana sifuri. Nilisema medali zina mambo yake, ndio haya.

David Rudisha. London 2012, mita 800, fainali, hakuna mtu wa kumwekea kasi, kashika mbele toka mwanzo mpaka mwisho, 1:40.91. Wote saba aliokimbia nao walijua atashika mbele, Nijel Amos wa Botswana alikimbia mpaka wakambeba kwa machela, na bado. Kama swali lingekuwa mbio moja bora ya muda wote ningekaa chini sasa hivi, ni ile. Hata Mkenya mwenzake Wanyonyi na ukali wake wote 2024 alifika 1:41.11. Lakini Rudisha baada ya pale majeraha yakamla, akarudi akachukua dunia 2015 na Olimpiki 2016, akapotea. Na Bolt, haya kijana wa njano, Bolt kwa kipimo changu anaingia bila kubisha hodi, dhahabu nane za Olimpiki na kila mtu alijua mita 60 za mwisho zitakuwaje. Nimemwacha kwa sababu moja tu, nilishasema mbio fupi sizijui. Ukitaka kunipinga hapo nipinge, huna kosa.

Sasa lile swali langu. Mlinitajia majina pale mezani, Kipchoge, Bolt, Bekele, Bayi, Simbu. Na kina dada mlinitajia hayo hayo. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwanamke. Kimya eeh? Msijisikie vibaya, na mi nilikuwa hivyo hivyo.

Ila tukisema muda wote, tuangalie muda wa nani. Kip Keino anachukua dhahabu ya mita 1500 Mexico 1968, wanawake hiyo mbio hawakuwa nayo kabisa kwenye Olimpiki, waliipata 1972. Marathoni waliipata 1984. Mita 5000, shikeni kiti, 1996. Wapo humu waliozaliwa kabla ya hapo.

Mi namtaja Faith Kipyegon. Ngojeni, ngojeni nimalize.

Binti wa Keringet kule Nakuru, 2011 bingwa wa dunia wa vijana mbio za nyika, peku vile vile. Rio 2016, kwenye 1500 yuko Genzebe Dibaba wa Ethiopia mwenye rekodi ya dunia, Dibaba anafyatuka mapema kumkatisha tamaa kila mtu, Faith anamshika mgongo, mita 200 za mwisho anampita. 2018 anajifungua mtoto. 2019 anarudi, fedha ya dunia, yaani alipigwa na Sifan Hassan wa Uholanzi, sifichi. Tokyo 2021 yuko na huyo huyo Hassan, anampita mwishoni anachukua dhahabu ya pili. 2023 ndio ilikuwa kichaa, Florence Juni 2 rekodi ya 1500, wiki moja baadaye Paris rekodi ya 5000, Julai Monaco rekodi ya maili, 4:07.64. Tafuteni video ya Monaco muangalie akishamaliza, wale aliowapiga ndio wanaomkimbilia kumkumbatia, mi sijawahi kuona kitu kama kile.

Na Paris 2024. Kwenye 5000 anamaliza wa pili, anafutwa kwa kugombania nafasi na Tsegay wa Ethiopia, rufaa inakatwa, usiku huo huo fedha inarudi. Siku tano baadaye 1500. Tsegay anaondoka kwa kasi ya kuua, maana wote sasa wanajua ukimwachia raundi ya mwisho umekwisha, kwa hiyo wanamchosha mapema. Hakuchoka. 3:51.29, rekodi ya Olimpiki, dhahabu ya tatu mfululizo ya 1500, kitu ambacho hakuna mtu amewahi kufanya, mwanaume wala mwanamke. Alafu 2025 akaishusha tena rekodi yake, 3:48.68. Miaka tisa wanajua atafanya nini!

Nimalizie na moja. Tukiwa tunafanya mazoezi ya ile mbio yangu ya aibu, kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu anakuja jioni kukimbia na sisi wavulana, sketi ya shule, suruali ya michezo ndani. Alinipita karibu kila jioni. Mwalimu alikuwa na saa moja ya mkononi, anaibonyeza mvulana wa kwanza akifika, anaandika, anaandika wa pili, wa tatu. Yeye anaingia wa pili au wa tatu anapita moja kwa moja kwenda bombani kunywa maji, na wa nyuma yake ndio anaandikwa.

Haya mwenyekiti, muda wangu umekwisha? Dakika tano? Basi aanze wa fulana ya njano, nimeona mkono wake uko juu tangu nilipomtaja Rudisha.