Seva ya Mbele Isimfiche Mgeni

Habari za mchana, ndugu zangu. Naona wengine mmeshafungua kompyuta. Vizuri, maana leo ni mistari michache tu ya usanidi wa Nginx, ile programu ya seva ya wavuti.

Mrusi Igor Sysoev alianza kuiandika mwaka 2002, akaitoa kwa umma 2004, enzi ambazo seva nyingi zilikuwa zinaelemewa watu wakishafika maelfu kwa pamoja. Siku hizi tunaiweka mbele: inapokea wateja kwenye porti 443, ile ya HTTPS, kisha inapeleka maombi yao kwa programu zilizo nyuma kwenye mashine hiyohiyo, tuseme moja porti 3000 na nyingine 3001. Anwani zao unaziorodhesha kwenye `upstream`, unaelekeza kwa `proxy_pass`, basi. Usipoiambia vingine, inazigawia maombi kwa zamu. Hapo sina la kuongeza.

Langu ni hili. Iulize programu ya nyuma nani kaja, itakujibu 127.0.0.1, yaani anwani ya mashine yenyewe. Aliye Mwanza na simu yake, aliye Mombasa ofisini, wote 127.0.0.1, kwa sababu anayebisha hodi ni Nginx peke yake. Sasa tuseme umeweka kinga: anwani ikikosea nywila mara tano, ifungiwe. Mtundu mmoja akikosea mara tano, wateja wote wako nje! Na aliye zamu ataamshwa usiku, ahangaike na kanzidata isiyo na kosa lolote.

Dawa yake hii, mistari ya kuweka heda, yaani maelezo yanayosafiri pamoja na ombi:

`proxy_set_header Host $host;`
`proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;`
`proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;`
`proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;`

Mstari wa kwanza unapeleka jina la tovuti aliloliomba mteja. Usipouweka, programu itapata jina lililo kwenye `proxy_pass`. Wa mwisho unaieleza kuwa mteja alikuja kwa HTTPS, la sivyo inaweza kumrudisha HTTPS tena na tena mpaka kivinjari kichoke.

Wa tatu ndio watu wanaunakili bila kuusoma. Haufuti alichotuma mteja, unaongeza tu anwani yake halisi mwishoni. Kwa hiyo mjanja akijiandikia 10.0.0.1, itabaki palepale mwanzoni, na programu inayosoma ya kwanza imeshadanganywa. Kama mbele una Nginx moja tu, soma ya mwisho. Hiyo umeiandika mwenyewe. Na programu isikilize 127.0.0.1 pekee. Ukiacha porti 3000 wazi kwa dunia, mtu atapita pembeni na kukuandikia heda anazozitaka.

Haya, `nginx -t` kwanza ikague usanidi, halafu `nginx -s reload` iupakie upya. Kisha kila mmoja aipige tovuti yake kwa `curl -H "X-Forwarded-For: 10.0.0.1"`, aniambie programu imemwona nani.