Dikteta Akiwa Rafiki Yako: Mjomba na Mpwa Wanazungumza

MPWA: Karibuni tena kipindini. Tunarekodi hapa Kijenge, Arusha. Mvua imekatika sasa hivi, kwa hiyo bati litatuachia nafasi ya kusikika. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Na salamu kwa wote wanaotusikiliza.

MPWA: Kipindi kilichopita tulimzungumzia mwanamuziki Víctor Jara wa Chile. Septemba 1973, siku chache tu baada ya Jenerali Pinochet kumpindua Rais Allende, Jara aliteswa ndani ya uwanja wa michezo akapigwa risasi zaidi ya 40. Sasa msikilizaji mmoja ametutumia ujumbe wa sauti. Anasema, kila mwanamuziki mnayemsifu aligombana na dikteta wa mrengo wa kulia. Hawa wa kushoto, wanaojiita wajamaa na wapinga ubeberu, mbona hamna aliyewakemea? Mjomba, nimekosa jibu la haraka.

MJOMBA: Ametushika pabaya. Tuanze na Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, maana yeye nampenda, na alituimbia kwa Kiswahili chetu dunia nzima ikasikia.

MPWA: Umeanza na pagumu.

MJOMBA: Pepesi hapafai kwa swali hili. Mwaka 1960 makaburu walimfutia pasipoti alipotaka kurudi kumzika mama yake. Mwaka 1963 akasimama Umoja wa Mataifa kuushitaki ubaguzi. Akaolewa na Stokely Carmichael, mpigania haki za weusi wa Marekani, mwaka 1968, Marekani nako kazi zikamkatikia. Wakahamia Guinea. Rais wa huko, Sékou Touré, akawapokea kwa mikono miwili: makazi, heshima, hadi Makeba akaiwakilisha Guinea Umoja wa Mataifa.

MPWA: Hapo kuna ubaya gani? Mtu kafukuzwa kila mahali, kapata mlango uliofunguka.

MJOMBA: Conakry, mji mkuu wa Guinea hiyohiyo, kulikuwa na gereza la Camp Boiro. Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mtu tuliyekuwa tukimsikia redioni, alikamatwa mwaka 1976. Wafungwa wa mle walikuwa na jina la adhabu iliyomuua: mlo mweusi. Hupewi chakula, hupewi maji, mpaka roho itoke. Telli alikufa hivyo mwaka 1977. Na miaka hiyo mama yetu alikuwa na nyimbo za kumsifu Touré.

MPWA: Mjomba, ngoja. Touré alikuwa na maadui wa kweli. Guinea ilipoikataa Ufaransa mwaka 1958, Wafaransa waliondoka na kila walichoweza kubeba. Novemba 1970 Wareno walivamia Conakry kutokea baharini. Yule si mtu aliyeota vivuli. Makeba angemkemea, makaburu kule Pretoria wangesherehekea: mnaona, hata wenyewe kwa wenyewe. Na yeye angelala wapi siku hiyo?

MJOMBA: Kunyamaza kwake simlaumu. Aliyehifadhiwa ana haki ya kuogopa. Ila kunyamaza na kuimba sifa ni vitu viwili. Hiyo hoja ya kwamba adui atasherehekea naijua vizuri sana, mwanangu, maana niliwahi kupewa mimi.

MPWA: Hii hujawahi kuniambia.

MJOMBA: Nilikuwa kijana, napiga gitaa la kati kwenye bendi ya shirika moja la umma. Enzi hizo bendi kubwa nyingi zilikuwa za mashirika, za jumuiya, za majeshi. Gitaa si lako, sare si yako, mshahara unatoka ofisini. Redio ni moja tu, Radio Tanzania. Wimbo wasipoupenda, umekufa nao. Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilipopamba moto tukatumwa kutumbuiza kwenye kijiji kipya. Tulifika mapema, jua bado kali. Chini ya mti alikaa bibi mmoja, kakalia kinu alichokilaza ubavu. Pembeni sufuria, mkeka umeviringishwa, na kuku kafungwa miguu. Paa la nyumba yake lilikuwa limeshushwa kule alikotoka ili asirudi. Kaniangalia na sare yangu, kaniuliza, "Mwanangu, ninyi ndio mliokuja na lori?"

MPWA: Ukamjibu nini?

MJOMBA: Nikamwambia hapana bibi, sisi ni wanamuziki. Jioni tukapanda jukwaani, tukapiga wimbo wa kusifu watu kuhamia vijijini. Yule bibi alikuwa bado palepale. Nilimwambia kiongozi wa bendi kwamba kuna watu wamehamishwa kwa nguvu. Akasema, tukiimba hayo, mabeberu watapata la kusema. Nikakubali. Hakunilazimisha mtu. Nilikubali mwenyewe.

MPWA: Lakini mjomba, Mwalimu Nyerere unamweka kundi moja na akina Touré?

MJOMBA: Hapana. Mwalimu aliondoka madarakani kwa hiari yake mwaka 1985, na mpaka leo namheshimu. Lakini Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilikuwepo tangu 1962, na kuna watu walikaa ndani bila kufikishwa mahakamani. Azimio la Arusha tuliliimba mpaka sauti zikakauka. Sheria ile bendi yetu haikuigusa hata kwa ubeti mmoja. Kama nchi iliyokuwa na kiongozi mwenye kusikia ilitufunga midomo hivi, fikiria palipokuwa na Camp Boiro.

MPWA: Basi nami nikwambie jambo. Chuoni nilikuwa na fulana ya Che Guevara, yule shujaa wa mapinduzi ya Cuba, naivaa kila Ijumaa. Julai 2021 Wacuba waliingia barabarani kuipinga serikali yao, na wimbo waliokuwa wakiuimba ulitungwa na wanamuziki weusi wengi wao, watoto wa mitaa ya kimaskini. Mmoja wao, Maykel Castillo, alihukumiwa miaka 9 jela mwaka uliofuata. Niliposoma nilijikuta natafuta sababu ya kumtilia shaka *yeye*. Nikajiuliza nani kamlipa. Angekuwa kafungwa na jenerali wa Pinochet nisingejiuliza hata sekunde moja. Hilo liliniuma.

MJOMBA: Hapo umelitaja jambo lenyewe. Wa kulia tunamhukumu kwa matendo yake, wa kushoto tunamhukumu kwa maneno yake.

MPWA: Ndiyo maana namheshimu Joan Baez, mwimbaji wa Marekani. Alipinga vita ya Vietnam, na Desemba 1972 alikuwa Hanoi kwenyewe, ndege za nchi yake zinadondosha mabomu juu ya kichwa chake. Mwaka 1979 akaambiwa habari za makambi ya wafungwa ambayo serikali mpya ya Vietnam imejaza watu. Akaandika barua ya wazi, akatafuta watu wa kutia saini, akailipia kurasa nzima kwenye magazeti makubwa ya Marekani. Marafiki zake wa zamani wakamgeuka. Wakamwambia maneno yaleyale uliyoambiwa wewe.

MJOMBA: Lakini yeye alikuwa mbali na jela ya Hanoi. Kwangu mimi anayedaiwa zaidi ni huyo aliye mbali. Msanii anayelala kwake salama, ana pasipoti, ana mwanasheria, kisha anamsifu mtawala anayefunga wasanii wenzake, huyo sina la kumtetea. Makeba nina la kumtetea.

MPWA: Na Thomas Mapfumo, mwanamuziki wa Zimbabwe, je? Yeye hakuwa mbali.

MJOMBA: Mapfumo ni mwanaume! Wazungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walimfunga mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa nyimbo zake za chimurenga, yaani za mapambano ya ukombozi. Uhuru ukaja Aprili 1980, Bob Marley akaimba pale uwanja wa Rufaro, Harare, sote tukalia machozi ya furaha. Mwaka 1989 Mapfumo akawaimba wenzake wa juzi, sasa wakiwa serikalini, kwa ufisadi wao. Akaishia uhamishoni Marekani, akarudi kupiga Harare mwaka 2018, Rais Mugabe ameshaondolewa. Alifungwa na upande ule, akasumbuliwa na upande huu.

MPWA: Na kati ya hapo kulikuwa na mauaji ya Matabeleland, hukohuko Zimbabwe.

MJOMBA: Kuanzia 1983. Kikosi cha Tano cha jeshi la Mugabe, kilichofundishwa na Korea Kaskazini, kiliua maelfu ya raia. Miaka hiyo mimi nilikuwa bado nacheza kaseti ya Marley, naimba Zimbabwe kwa sauti yote. Habari zilikuwa zinapenya. Sikutaka kuzisikia.

MPWA: Mjomba, ule wimbo wa kijijini, ulirekodiwa?

MJOMBA: Ulirekodiwa.

MPWA: Ninao. Rafiki yangu aliutoa kwenye kanda ya zamani. Nilitaka kukushangaza nao leo, nikidhani utafurahi. Sikujua habari ya yule bibi. Tukiuacha nitaelewa.

MJOMBA: Uweke. Uweke wote, usiukate. Hilo gitaa linaloingia baada ya tarumbeta ni langu, na watu wajue ni mimi.