Uzito Ukae Wapi? Mazungumzo na watoto wanaochonga magari ya mbao, Goma

Karibuni wazazi, karibuni wadogo zangu. Nianze na watu wa Kibumba. Mmewaona wakishuka na tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimejaa viazi? Tshukudu tupu ikifika tambarare inachoka upesi. Yenye magunia inaendelea kukimbia, mpaka mwenyewe akanyage kile kipande cha tairi cha breki. Magari yetu ya mashindano nayo hayana injini, tunayaachia tu juu ya ubao ulioinama. Mteremko ndio mafuta yao.

Kuna mtu ataniambia kitu kizito huanguka haraka zaidi. Hapana. Bila upepo, jiwe kubwa na dogo hufika chini pamoja. Ila upepo upo, na unalizuia gari kwa nguvu ile ile liwe zito au jepesi, mradi umbo ni moja. Lililo jepesi ndilo linaloumia.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na Don Murphy kwa watoto wa skauti huko Manhattan Beach, California, mwaka 1953. Kikomo chao cha uzito ni aunsi 5, kama gramu 142, na sisi tumekishika hicho hicho. Sasa, kila mmoja wenu akifikisha gramu 142, nani atamshinda nani?

Mimi gari langu la kwanza nililijaza misumari puani, nikidhani pua nzito itavuta. Likawa la mwisho! Angalieni huu ubao: pale juu gari linaanza likiwa limeinama, mkia juu, pua chini. Ubao ukiinama nyuzi 30, kila sentimeta 5 unazorudisha uzito nyuma zinaupandisha sentimeta 2.5. Huku chini kwenye tambarare, mkia na pua viko kimo kimoja. Kwa hiyo uzito wa mkiani umeshuka safari ndefu zaidi, na kasi inatoka humo.

Msizidishe lakini. Pua ikiwa nyepesi mno gari linayumba na kugonga kingo. Lilaze juu ya kalamu: lisimame sawasawa kalamu ikiwa sentimeta 2.5 hivi mbele ya ekseli ya nyuma, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu.

Vya kutilia uzito? Metali ya wolframu ingefaa kuliko vyote, sentimeta moja ya ujazo ni gramu 19. Mawe yake yanachimbwa hapa Kivu, ila kipande kilichosafishwa nendeni mkakitafute sokoni Birere muone! Risasi, siyo ya bunduki bali ile metali yenyewe, ina gramu 11, na najua mnaiona kwenye betri mbovu. Wazazi, nawaomba: isiyeyushwe nyumbani. Moshi na vumbi lake vinaharibu ubongo wa mtoto. Chuma kina karibu gramu 8, kinatosha. Chukua nati kuukuu za pikipiki, toboa mbao kwa chini, zitie humo, zibane kwa gundi.

Acheni gramu mbili za kumalizia siku yenyewe, maana mizani ya nyumbani na ya mashindano hazipatani. Na rangi nayo ina uzito, pimeni ikishakauka.

Haya, leteni magari. Tuanze na lile la bluu, naona limelemea puani.